Bonde la Seli 14: Kutafuta Hitilafu Katika Uchambuzi wa Mabonde na Vijito

Wiki iliyopita nilitaka kuchora, kwa programu ya ramani ya kompyuta, kidakio cha kituo kimoja cha kupimia maji ya mto, yaani bonde linalokimwagia maji, kazi ambayo nimeifanya mara nyingi kiasi kwamba nilijitengea saa moja tu, nayo ikanichukua siku mbili. Nilijaza mashimo ya modeli ya mwinuko (rasta, yaani gridi ya vimraba viitwavyo seli, kila kimoja na urefu wake wa ardhi), nikakokotoa mwelekeo wa mtiririko, kisha mkusanyiko wa mtiririko (idadi ya seli zinazomwaga maji kupitia kila seli), nikaweka nukta ya kituo na kuiagiza programu ichore eneo lote linalomwaga maji yake hapo. Programu ilitekeleza kila hatua bila kulalamika, ikaandika kwamba zana imekamilika, na nilipolifungua tabaka jipya nikakuta bonde lenye seli 14. Kwa seli za mita 30 kwa 30, hizo ni mita za mraba 12,600, eneo ambalo halifiki viwanja viwili vya mpira wa miguu. Mto ninaouzungumzia hauvukiki kwa miguu msimu wa mvua.

Ninaandika jinsi nilivyoitafuta hitilafu hiyo, pamoja na nyingine za ukoo wake nilizokutana nazo kwa miaka kadhaa, kwa sababu wengi wanaoniomba msaada huja na ujumbe mwekundu ulioandikwa na programu, ilhali huo ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote. Programu inapokataa kufanya kazi, hakuna tokeo la uongo litakaloingia katika ripoti yako. Ya kuogopwa ni ile inayopokea kila unachoipa, ikakokotoa kwa uaminifu mkubwa, na kukurudishia ramani nzuri ya mito isiyokuwepo.

Hizo za ujumbe mwekundu nitazipitia upesi. Nyingi hutokana na majina: folda yenye nafasi katikati ya maneno, herufi zenye alama ambazo zana za zamani hazizifahamu, au jina refu kupita kiasi. Rasta ya muundo wa Esri Grid haikubali jina lenye herufi zaidi ya 13, na faili ya shapefile, inayohifadhi nukta na mistari ya ramani, hukata majina ya safu kwenye herufi ya 10, kwa hiyo safu mbili ulizozipa majina marefu yanayofanana mwanzoni huweza kukuchanganya baadaye. Nyingine ni za leseni ya kiendelezi ambacho hakijawashwa, faili iliyoshikiliwa na programu nyingine, au folda inayojinakili yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni wakati zana bado inaandika ndani yake. Watumiaji wa ArcGIS, programu ya ramani ya kampuni ya Esri, wanaifahamu namba 999999, ambayo maana yake ni kwamba kuna jambo limeharibika na programu haina jina la kulipa. Mimi huhamishia kazi yote kwenye folda fupi iliyo karibu na mzizi wa diski, yenye majina ya herufi ndogo yasiyo na nafasi, kisha husoma logi kuanzia mstari wa kwanza wa hitilafu badala ya ule wa mwisho, kwa maana mistari inayofuata mara nyingi ni mwangwi tu wa ule wa kwanza.

Zile za kimya zinataka mtu aelewe kwanza mnyororo wenyewe. Zana nyingi tunazotumia zinafuata utaratibu unaoitwa D8, ulioelezwa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984: kila seli inazitazama jirani zake nane na kuyamwaga maji yake yote kwa jirani mmoja tu, yule ambaye mteremko wa kumwendea ni mkali kuliko wengine. Mwaka 1988 Jenson na Domingue waliuweka katika mfululizo ambao hadi leo ndio mpangilio wa vitufe katika programu nyingi, yaani kujaza mashimo, kupata mwelekeo, kuhesabu mkusanyiko, kisha kuchora vijito na mabonde. Kila hatua inakula kilichopikwa na hatua iliyotangulia bila kukionja. Ndiyo maana hitilafu inayoonekana kwenye bonde huwa haikuzaliwa kwenye zana ya bonde, na kubadilisha vipimo vya zana hiyo ya mwisho, jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kwanza, kwa kawaida huificha tu.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Nilipoona seli 14 nilijua mara moja kwamba nukta yangu haikuangukia kwenye mkondo bali kwenye kilima kando yake, kwa kuwa mkondo katika rasta ya mkusanyiko una upana wa seli moja tu na ukiukosa kwa seli moja unalikosa bonde zima. Dawa inayojulikana ni zana ya kuivuta nukta hadi kwenye seli yenye mkusanyiko mkubwa zaidi ndani ya umbali unaoutaja. Niliupa mita 100, bonde likabaki dogo. Nikaupa mita 300, na ghafla nikapata bonde kubwa mno, kwa sababu zana haijui mto ninaoutaka. Inajua namba kubwa tu, na ndani ya mita 300 ilikuta mto mkuu chini ya makutano, ikaurukia. Ningekuwa sina rekodi ya ukubwa wa kidakio cha kituo hicho, ningelipokea bonde hilo na kuendelea na kazi, maana kwa macho lilikuwa na umbo la kupendeza kabisa. Umbali wa kuvuta nukta unapaswa kuwa seli mbili tatu, si zaidi. Nukta ikihitaji kuvutwa mbali kuliko hapo, kuna jambo jingine limekosewa, ama kwenye nukta yenyewe ama kwenye modeli ya mwinuko.

Nilianza na modeli ya mwinuko, na hapo ndipo ilipopotea siku ya kwanza. Data za mwinuko za misheni ya SRTM, zilizokusanywa kwa rada kutoka chombo cha angani Endeavour kwa siku 11 mnamo Februari 2000, huja katika digrii za latitudo na longitudo huku urefu ukiwa katika mita. Seli yake ni sekunde moja ya tao, ambayo karibu na ikweta ni takriban mita 31 kila upande, lakini kwenye latitudo ya 60 upande wa mashariki-magharibi hupungua hadi nusu ya hapo. Programu inayoamini kwamba seli ni mraba itakosea ulinganisho kati ya jirani wa pembeni na jirani wa mshazari, na mteremko wowote utakaokokotolewa bila kurekebisha vipimo utakuwa upuuzi, kwa kuwa mita zimegawanywa kwa digrii. Kwa hiyo tunaihamishia modeli kwenye mfumo wa majiranukta (namba za mahali) wa mita, na hapo hitilafu ya pili hujipenyeza: zana ya kuhamisha hupendekeza yenyewe njia ya kuchukua thamani ya seli iliyo karibu zaidi, njia ambayo ni sahihi kwa ramani ya matumizi ya ardhi lakini kwa mwinuko huacha mistari na ngazi ndogondogo zinazopita katika rasta nzima. Vijito vikifuata mistari hiyo kama mitaro iliyochimbwa kwa rula, umekwisha kupata chanzo. Tumia njia ya wastani wa jirani nne au ile ya mchemraba.

Kinyume chake ni kwa rasta ya mwelekeo wa mtiririko. Hiyo haihamishwi mfumo wala kubadilishiwa ukubwa wa seli kwa njia yoyote, kwa sababu namba zilizomo ni misimbo ya pande, na wastani wa mashariki na kusini si kitu. Modeli ya mwinuko ihamishwe kwanza, na mwelekeo ukokotolewe baadaye.

Misimbo hiyo ya pande inastahili aya yake, kwa kuwa nimeona watu wenye ujuzi mkubwa wakikwama hapo kwa wiki nzima. Katika ArcGIS, pande zinaanzia mashariki kwa namba 1 na kuzunguka kama mshale wa saa zikiongezeka maradufu: 2, 4, 8, hadi 128. TauDEM, kifurushi kingine cha zana za mtiririko, nayo inaanzia mashariki kwa 1, lakini inazunguka kinyume cha saa hadi 8. Zana ya r.watershed ya programu ya GRASS inazunguka kinyume cha saa vilevile, ila 1 yake ni kaskazini-mashariki na 8 ndiyo mashariki. Seli yenye namba 2 kwa hiyo inamwaga maji kusini-mashariki katika programu ya kwanza, kaskazini-mashariki katika ya pili, na kaskazini katika ya tatu. Ukikokotoa mwelekeo kwa programu moja na kuchora bonde kwa nyingine, hakuna onyo lolote litakalotokea. Utapata vipande vya mabonde vilivyotawanyika kama vigae vya chungu kilichoanguka. Mtu anayefanya kazi ndani ya QGIS, programu huria ya ramani, ndiye aliye hatarini zaidi, si kwa kosa la QGIS, bali kwa sababu inamkusanyia zana za koo mbalimbali katika orodha moja na zote zinaonekana ni za nyumba moja.

Kuna pia namba zinazotazamwa kama kasoro ilhali ni taarifa. Rasta ya mwelekeo ya ArcGIS ikiwa na thamani nje ya zile nane, mathalani 17, ambayo ni 1 jumlisha 16, ina maana kwamba seli hiyo imeshindwa kuchagua kati ya mashariki na magharibi, na mashimo yako hayajajazwa ipasavyo. Thamani hasi katika rasta ya mkusanyiko ya r.watershed huwashtua wengi, lakini zinasema kwamba huenda seli hizo zinapokea maji kutoka nje ya eneo la ukokotoaji, hivyo hesabu yake haijakamilika. Naiona hiyo kuwa ni uungwana wa zana. Nyingine zinakata mto kwenye ukingo wa rasta na kukupa namba chanya isiyo na aibu.

Ukingo wenyewe ni chanzo cha makosa mengi kuliko inavyosemwa. Watu hukata modeli ya mwinuko kwa mpaka wa kiutawala kabla ya uchambuzi, na hapo sehemu ya juu ya bonde inaachwa nje. Wengine husahau kwamba programu inakumbuka eneo la ukokotoaji, kinyago (tabaka linaloficha seli zisizotakiwa) au ukubwa wa seli waliouweka katika kazi ya mwezi uliopita, wakashangaa kwa nini tokeo jipya limekatwa mstatili. Halafu kuna seli zisizo na data, ambazo katika faili za zamani za SRTM zimeandikwa -32,768: programu isipoambiwa kwamba namba hiyo maana yake ni kutokuwepo kwa data, huichukua kuwa shimo lenye kina cha zaidi ya kilomita 32, na shimo hilo likiwa ukingoni hunywa maji ya wilaya nzima. Hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kitufe chochote, ni kutazama thamani ndogo na kubwa za modeli. Inachukua sekunde tano.

Sasa nije kwenye kujaza mashimo, mahali ambapo msimamo wangu umebadilika. Zamani nilijaza kila modeli bila kufikiri. Kujaza kunainua kila shimo hadi kufikia ukingo wake ulio chini kuliko yote, na kwa vishimo vya seli moja au mbili hakuna tatizo. Lakini rada ya SRTM ilipima karibu na vilele vya miti mahali penye msitu mzito, na vipimo vya leza vya ndege vinaonyesha tuta la barabara vizuri sana bila kuliona kalavati lililo chini yake. Kwa modeli, kalavati lisiloonekana ni bwawa. Ukijaza, bonde lote nyuma ya barabara linageuka ziwa tambarare, na juu ya ziwa hilo vijito huchorwa kama mistari iliyonyooka inayokwenda sambamba, kwa kuwa katika utambarare programu inachagua mwelekeo kwa kanuni yake ya ndani na si kwa mteremko. Mistari sambamba ndiyo dalili yake mashuhuri. Dawa iliyo bora ni kulipasua tuta, yaani kuchimba mfereji mwembamba mahali kalavati lilipo, na kifurushi cha WhiteboxTools kina zana nzuri za kufanya hivyo kwa kutafuta njia yenye uchimbaji mdogo zaidi. Anayetumia r.watershed hana haja ya kujaza kabisa, kwa sababu zana hiyo hutafuta njia ya gharama ndogo kupita ndani ya mashimo. Kuijazia modeli kabla ni kuiharibia.

Njia nyingine ni kuuzamisha mto unaojulikana ndani ya modeli kwa kushusha seli zilizo chini ya mstari wake. Inasaidia kwenye mbuga na mabwawa ya matope, ila ina mtego wake: mstari wa mto uliotoka kwenye ramani ya kipimo kidogo ukipishana na bonde halisi hata kwa seli nne, utapata mito miwili inayokwenda bega kwa bega, mmoja wa ramani na mmoja wa modeli, na kila kijito kinachoingia kitachagua mmoja kwa bahati. Na yako mabonde ambayo kwa kweli hayana njia ya kutokea. Ziwa Turkana na Bahari ya Kaspi hazimwagi maji baharini, na zana ya kujaza isipoambiwa itazijaza hadi zifurike upande ambao hazijawahi kufurika katika enzi zetu. Hapo inabidi kuweka seli moja isiyo na data kwenye kina cha ziwa, iwe ndiyo njia ya kutokea maji.

Kuhusu kizingiti cha vijito nina neno moja tu. Kizingiti, yaani mkusanyiko ambao seli ikiufikia huhesabiwa kuwa kijito, huandikwa kwa idadi ya seli, na watu hunakili 1,000 kutoka kwenye mafunzo bila kuuliza seli hizo zina ukubwa gani. Kwa seli za mita 30, 1,000 ni kilomita za mraba 0.9, kwa seli za mita 90 ni 8.1, mara tisa zaidi, na vijito vingi vinapotea kwenye ramani pasipo kukauka. Daraja la mto kwa mpangilio wa Strahler (vijito vya mwanzo ni daraja la 1, na daraja hupanda viwili vya daraja moja vinapoungana) hubadilika pamoja nacho, kwa hiyo kulinganisha madaraja ya mabonde mawili yaliyochorwa kwa vizingiti tofauti hakuna maana yoyote. Tazama pia aina ya namba inayohifadhiwa. Rasta ya mkusanyiko ikihifadhiwa kwa biti 16 zenye alama ya chanya au hasi haiwezi kupita 32,767, ambazo kwa seli za mita 30 ni chini kidogo ya kilomita za mraba 30. Mto wowote mkubwa kuliko huo utakatwa kwenye namba hiyo au kugeuka hasi.

Siku ya pili nilifanya nilichopaswa kufanya saa ya kwanza. Nilikata kipande kidogo cha modeli kuzunguka kituo, kilometa kumi kwa kumi hivi, ili kila jaribio liishe ndani ya sekunde chache, nikaweka mistari ya kontua juu ya vijito vilivyochorwa. Vijito vilipita kwenye mikunjo ya kontua kama inavyotakiwa. Nikaweka picha ya setilaiti chini yake, na mto ulikaa pale pale ambapo modeli ilisema upo. Nikachukua thamani ya mkusanyiko kwenye seli ya mto iliyo chini ya daraja la kituo, ambalo lilionekana wazi kwenye picha, nikaizidisha kwa eneo la seli moja. Huo ndio uhakiki ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu mkusanyiko kwenye seli ya kutokea maji na ukubwa wa bonde lililochorwa kutoka hapo lazima viwiane, tofauti ikiwa seli moja kutegemea kama programu inaihesabu seli yenyewe au la. Viliwiana, na jibu lilikaribia rekodi ya kituo. Modeli haikuwa na kosa, mwelekeo haukuwa na kosa, ila nukta yangu ilikaa zaidi ya mita 200 kutoka daraja ambalo kituo kinaning'inia.

Majiranukta ya kituo yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye ramani ya karatasi, iliyotumia datumu ya zamani, yaani umbo jingine la dunia lililochukuliwa kuwa msingi wa kupimia, nami nilikuwa nimeyaingiza kana kwamba ni ya WGS 84, datumu inayotumiwa na GPS. Hakuna zana inayoweza kulijua hilo. Namba zenyewe zinafanana kabisa. Niliitangaza datumu sahihi, nikachagua ugeuzaji unaolihusu eneo hilo badala ya ule wa kwanza kwenye orodha, na nukta ikahama ikaangukia seli mbili kutoka kwenye mkondo. Nikaivuta kwa mita 60, na bonde lililotoka lilitofautiana na rekodi kwa chini ya asilimia mbili.

Asilimia hiyo iliyobaki iko upande wa kaskazini, ambapo mpaka wa bonde unapita katika kinamasi kilicho tambarare kiasi kwamba mwinuko ulioandikwa kwa mita kamili, bila desimali, unaonyesha namba ileile kwa kilomita nzima. Nilijaribu modeli ya Copernicus, ambayo mwinuko wake umeandikwa kwa desimali, na mpaka ukasogea mashariki. Nikajaribu HydroSHEDS, data zilizoandaliwa kwa ajili ya mito na mabonde, ukarudi magharibi. Katika tabaka nililolikabidhi, kipande hicho cha mpaka nimekichora kwa mstari wa nukta.